Naomba ushauri: sinki la stenlesi lina kutu na mikwaruzo

Habari zenu wapendwa. Wiki iliyopita nilisugua sinki la jikoni kwa stilwaya ili kutoa ule weupe unaoachwa na maji ya chumvi. Weupe ulitoka, ila kesho yake nikakuta vidoa vya kutu, vidogo kama vichwa vya pini, kuzunguka tundu la maji. Nadhani ni vipande vya stilwaya vilivyobaki.

Vidoa nimevipaka baking soda iliyokorogwa na maji kidogo, nikasugua taratibu kwa sponji laini, vingi vimetoka. Kinachoniumiza ni mikwaruzo. Mmoja ukipitisha kucha unanasa kabisa. Mingine huioni mpaka mwanga wa dirisha uipige. Je, msasa laini sana, ukifuata mistari ya chuma chenyewe, unasaidia au nitazidi kuharibu? Aliyewahi kujaribu alianza na namba ngapi?

Dawa ya klorini tafadhali msinishauri. Inakula stenlesi, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, nami nina mtoto mdogo hapa ndani.

Halafu sinki la bafuni, la kauri, lina mstari mweusi ulioachwa na ndoo ya bati. Nitajuaje kama kauri imekwaruzika au ni chuma tu kimeganda juu?