USHAURI: Nimepewa nusu saa redioni kuzungumzia tamthilia na habari za mastaa, nifanyeje nisiishie kusimulia tu?

MwanaUyole
Ugonile wakuu. Kuanzia Jumamosi ijayo nina nusu saa kwenye redio moja hapa Mbeya mjini: maoni ya tamthilia za wiki na habari za mastaa. Matangazo na nyimbo mbili zinakula kama dakika 13, zinabaki 17 za kuongea. Naangalia za Bongo, za Kituruki, za Kikorea na za Kihindi. Shida ni mbili. Nikijirekodi kwenye simu, muda wote unaisha nikisimulia episodi. Na upande wa mastaa sijui mpaka uko wapi. Mwenye ujuzi anipe njia, pongezi baadaye.

Kalamu_Kihesa
Kamwene. Dakika 17 kwa mwendo wa utulivu, maneno kama 110 kwa dakika, ni karibu maneno 1,900. Ukiandika yote utasikika unasoma. Andika sentensi ya kufungulia na ya kufungia, katikati weka vidokezo tu. Chukua tamthilia mbili, tano ni fujo.

Unapoangalia, gawa daftari safu tatu: dakika, kilichotokea, na kosa au sifa ni ya nani (mwandishi, mwongozaji, mwigizaji, mpiga picha, fundi wa sauti). Hiyo safu ya tatu ndiyo itakutoa kwenye kusimulia. Kusema "episodi ilikuwa mbovu" hakumsaidii mtu. Kusema "siri imefichuka kwa mtu kusikiliza mlangoni, mara ya tatu ndani ya wiki mbili" ni hoja, na wa kuulizwa hapo ni mwandishi. Mwigizaji mwache.

FundiSauti_Mafinga
Kwa za Bongo anza na sauti, maana huko ndiko nyingi zinakoanguka na watu wanalaumu waigizaji bure. Vaa spika za masikioni, sikiliza mambo matatu.

La kwanza, mwangwi. Sebule ya vigae, kuta tupu, dirisha kubwa la kioo, na maikrofoni iko juu ya kamera mita mbili au tatu kutoka mdomoni. Lazima isikike kama wako bafuni. Dawa yake si ghali: maikrofoni ya kubana kwenye nguo, kama kiganja hivi chini ya kidevu, na mablanketi mazito ukutani upande usioonekana kwenye picha.

La pili, kelele za chini zinazorukaruka. Picha ya mume ina ngurumo ya friji, ikikatwa kwenda kwa mke kimya, ikirudi friji hiyo tena. Hawakuzima friji, na hawakurekodi ukimya wa chumba walau nusu dakika ili mhariri aupitishe chini ya mazungumzo yote.

La tatu, muziki unaomeza maneno. Mhariri kasikiliza kwenye spika kubwa, nyumbani watu wana spika ndogo za runinga. Ukikosa neno, rudisha nyuma mara moja. Ukilikosa tena, liseme hewani na utaje dakika. Hapo hata watengenezaji wenyewe watakusikiliza.

Mama_Makambako
Za nje usizipime kwa kipimo kimoja. Episodi ya Kituruki kwao ni kama saa mbili. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Ndiyo maana inaishia mtu akiwa ameshika kikombe. Hilo usimlaumu mwongozaji. Ya Kikorea mara nyingi ni episodi 16 za kama saa moja, kisa kinafungwa. Ya Kihindi inatoka karibu kila siku kwa mamia ya episodi, na sura moja kurudiwa mara tatu na radi juu ni njia ya kujaza muda.

Zilizoingiziwa Kiswahili, usimhukumu mwigizaji kwa sauti isiyo yake, muangalie macho na mikono. Aliyeingiza sauti mpime kwenye b, m na p: midomo ya kwenye skrini inafumba au iko wazi? Tena Kiswahili kina maneno marefu, mtafsiri asipofupisha sentensi utamsikia msomaji anakimbia kama kondakta wa daladala Kabwe.

Mafiati_Usiku
Napingana kidogo na Kalamu. Umeme unakatika, watu wanarudi sokoni saa 3 usiku, wengi wamekosa episodi. Kuhadithiwa wanakutaka. Muhimu ni kipimo: dakika mbili kwa kila tamthilia, na usivuke episodi ambayo marudio yake yameshapita. Kama marudio ni Jumapili, ya Ijumaa iache.

Kalamu_Kihesa
Mbili sawa. Ila saa iwe mezani, maana mbili huzaa sita.

Jamvi_la_Sheria
Mastaa sasa. Skrinshoti si ushahidi, inatengenezwa kwa dakika tano. Ingia kwenye akaunti ya mhusika, angalia jina herufi kwa herufi na tarehe ya chapisho, kwani picha za zamani hurudi kila mara kama mpya. Ukikuta, sema "ameandika kwenye ukurasa wake". Usiseme "wameachana" kwa sababu tu wamefuta picha. Mimba, magonjwa na watoto wao, kama hawajasema wenyewe, usiguse.

Kipindi kikiwekwa mtandaoni, kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha watu, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kuongeza "inasemekana" hakukukingi.

Vipande vya sauti za tamthilia: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi na kwa kutaja chanzo. Sekunde 10 hadi 15, kisha uongee juu ya hicho kipande. Ukikiweka kama pambo tu, hiyo si nukuu. Wimbo wa ufunguzi mzima achana nao, mtandaoni mitambo huunasa hata ukiongea juu yake.

MwanaUyole
Nimewapata. Tamthilia mbili, dakika sita sita, mastaa tano. Moja ya Bongo, moja ya nje. Nikimkosoa mwigizaji wa hapahapa Mbeya anayenifahamu je?

FundiSauti_Mafinga
Taja dakika na tendo: "dakika ya 14 analia, lakini pumzi haijabadilika." Akikukuta Mwanjelwa mtabishana kuhusu dakika ya 14.