Naomba ushauri: jenereta ya PXI inaonekana kwenye Windows, VISA haiioni

Habari zenu wadau. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na vifaa vya vipimo vya PXI (kadi za vipimo zinazochomekwa kwenye chasisi moja na kuendeshwa na kompyuta).

Nina chasisi ya PXI iliyounganishwa na kompyuta ya mezani kwa kebo ya PCI Express. Multimita na oskiloskopu zilizomo ni za mtengenezaji mmoja, jenereta ya mawimbi ni ya mwingine. Kila mmoja ana VISA yake (programu inayowezesha skripti kuwasiliana na vifaa vya vipimo) na zote mbili nimeziweka. Windows inaiona jenereta bila alama ya njano ya hitilafu, na programu yake yenyewe inaifungua na kutoa mawimbi vizuri tu. Lakini skripti yangu ya Python (natumia PyVISA, maktaba ya Python ya kutumia VISA) ikiifungua inarudisha kosa -1073807343, yaani kifaa hakikupatikana. Amri ya kuorodhesha vifaa, list_resources(), nayo inaorodhesha zile mbili za mtengenezaji wa kwanza basi.

Chasisi huwa naiwasha kabla ya kompyuta, kwa sababu vifaa vya PCI Express hutambuliwa kompyuta inapowaka. Nimehamisha sloti, nimebadilisha kebo, hali ni ile ile. Kupiga Windows upya siwezi, kuna kazi za wenzangu humo.

Nahisi VISA mbili zinagongana. Je, nikibadilisha VISA iliyo kuu (ile inayotumika usipotaja nyingine), multimita na oskiloskopu zitaendelea kuonekana? Au ni salama zaidi kufungua ResourceManager mbili (sehemu ya PyVISA inayotafuta na kufungua vifaa) kwenye skripti moja, kila moja ikielekezwa kwenye faili ya DLL ya VISA yake?

Natanguliza shukrani.