Muuza "antiki" wa Dar kanipiga laki na themanini: tembo wa Mjerumani kumbe ni wa Mjapani

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Ila leo nimejaa mpaka hapa shingoni. Asubuhi nimemgombeza muuza mihogo bure, mihogo yenyewe ilikuwa mizuri, kwa hiyo bora niyatoe hapa.

Niko Tanga, Chumbageni, na ugonjwa wangu ni majagi ya maua ya zamani yenye maumbo ya wanyama. Bata, kasuku, samaki aliyeachama maua yakatokea mdomoni, yote hayo. Marehemu bibi kule Pangani alikuwa na kidaka ukutani, na ndani yake kuku wa kauri aliyekatika kishungi. Alipofariki watu waligombania vitanda na kanga za sandukuni, mimi nikaondoka na kuku. Leo wamefika kumi na tisa. Wako juu ya kabati la vyombo, wako dirishani, bafuni kuna chura. Shangazi akija huguna kwamba nimejaza masanamu na malaika hawaingii, kwa hiyo siku ya hitma nawaingiza kabatini nafunga, tunaelewana. Mume wangu anawaita "wakwe zako".

Sasa huyu bwana. Ana ukurasa wa picha za kuvutia, kitambaa cheusi nyuma, taa ya pembeni. Jina silitaji. Akaweka tembo mwenye tundu mgongoni, kindi aliyeng'ang'ania mpini wa jagi, na samaki. Tembo akaandikiwa hadithi ndefu: katoka nyumba ya bwana shamba wa mkonge, Mjerumani, hapa hapa Tanga, kabla ya vita ya kwanza. Moyo ukaniruka, kitu cha kwetu kinarudi kwetu! Nikamuuliza, kaka, chini pameandikwaje? Akanijibu, "Dada yangu, vitu vya Mjerumani vilikuwa haviandikwi." Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka. Nikatuma laki na themanini kwa simu, na nauli ya basi juu.

Kifurushi kikafika stendi. Hakikuvunjika, hilo nampa.

Tembo kabandikwa kitambaa cha kijani chini, kama cha meza ya puli. Nikajiuliza, kitambaa kipya kinafanya nini chini ya mzee wa zaidi ya miaka mia? Nikakilowesha kwa maji ya vuguvugu, nikakichokonoa kwa ukucha taratibu. Kikaachia. Chini, kwa wino mwekundu: MADE IN OCCUPIED JAPAN.

Kwa wasiojua: Japani ilishindwa vita 1945, ikakaliwa kijeshi mpaka 1952, na katika kipindi hicho bidhaa chungu nzima walizouza nje zilipigwa chapa hiyo, kwamba zimetengenezwa Japani iliyokaliwa. Mjerumani alitolewa hapa Tanga na Waingereza 1916. Sasa huyo bwana shamba alimnunua lini tembo wake, alirudi usiku kwa jahazi? Na kinachoniuma zaidi, tembo mwenyewe ni mzuri. Masikio membamba, kope zimechorwa kwa mkono. Angeniambia ukweli ningemnunua vilevile, labda si kwa bei ile. Uongo wa nini?

Kindi ndiye matusi kabisa. Aliniambia ni SylvaC, kile kiwanda cha Waingereza pale Longton kilichofungwa 1982. Bahati yake mbaya, kindi kama huyo ninaye, nilimpata elfu nane tu kwa mama mmoja wa Ngamiani anayeshusha vyombo vya mtumba. Nikawaweka pamoja mezani. Huyu mpya kapungua karibu upana wa kidole, na manyoya ya mkia yamefifia kama sabuni iliyotumika. Ndivyo wanavyofanya: wanachukua jagi la kweli, wanatoa kalibu juu yake, wanamimina udongo. Udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kuliko mama yake. Mwenye rula hadanganyiki, mimi rula nilikuwa nayo, nilichokosa ni kindi mkononi.

Halafu zile nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ambazo vyombo vya zamani huota pale ngozi ya juu na udongo wa ndani vinapovutana. Huyu anazo kila mahali, za kahawia, zimejipanga vizuri kupita kiasi. Nikamtia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Baada ya nusu saa maji yamekuwa chai ya rangi, ilikosa iliki tu. Kanipikia kindi kwenye majani ya chai!

(Mwenye majagi yenye nyufa za kweli, asiweke maji moja kwa moja, yatavuja polepole. Tumbukiza bilauri ndani, maua yakae humo. Meza ya mama mkwe ina duara jeupe kwa sababu yangu, na bado linatajwa kila Idi.)

Samaki ni halisi. Uzito wake, ukingo wa chini uliolika kwa kukaa kabatini miaka na miaka, hata mkwaruzo mmoja wa kisu. Lakini nani kamtuma ampake rangi ya dhahabu? Rangi ya mafuta, wakuu, ile ya kupakia mageti! Picha aliyoniwekea ilikuwa ya kabla, kijani kibichi kinachoingia kwenye buluu. Kaniletea geti lenye mapezi.

Nikampigia, kwa adabu zote, "Kaka, shikamoo," ingawa hata sijui kanizidi umri. Akasema mimi ndiye sijui antiki. Nikamtumia picha ya chapa. Akajibu labda Mjerumani alikwenda Japani kutembea. Nikamtumia picha ya beseni. Akanibloku. Nilipoingia kwa simu ya mwanangu usiku ule nikakuta kindi mwingine, "wa mwisho kabisa duniani", kitambaa kile kile cheusi, bei imepanda elfu ishirini.

Mwenye kukusanya vitu hivi aliyewahi kurudishiwa hela na wauzaji wa namna hii anieleze alipita njia gani, polisi au wapi. Risiti ya muamala ninayo, mazungumzo yote ninayo. Na msiniletee ile ya "si ungekwenda mwenyewe Dar ukaangalie", mume wangu keshaisema mara tatu.

Samaki namtoa rangi kwa pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha, magamba mawili matatu kwa siku, dirisha wazi maana harufu inapanda kichwani. Leo nimefika kwenye jicho la kushoto. Kijani kipo.