Jicho lililopigwa na fataki: tuoshe au tusioshe?

TabibuZahanati: Wakuu, mkesha wa mwaka mpya umekaribia na fashfashi zimejaa madukani. Zahanati yetu haina mtaalamu wa macho. Wengine wanasema osha kwa maji mengi, wengine usioshe kabisa. Tufuate lipi?

Mboni: Yote mawili, mkuu, ila kila moja na jicho lake. Maji ni ya unga wa baruti na majivu kwenye jicho ambalo bado zima. Lililopasuka ukiliosha unaingiza uchafu ndani, ukilibonyeza unakamua vilivyomo. Kwa hiyo anza na tochi. Mboni imevutwa upande kama tone la chozi? Kitu cheusi au cha kahawia kinachungulia kwenye jeraha? Jicho limetepeta? Weupe wote umevimba na kujaa damu? Dalili moja inatosha, na ukiwa na shaka lihesabu limepasuka. Kope zilizovimba zikagoma kufunguka, ziache.

Jicho zima lenye unga: osha kwa seline (maji ya chumvi ya hospitali), dakika 15 hadi 30, kisha geuza kope la juu utoe punje kwa pamba iliyolowa. Punje zikibaki huko zinakwaruza konea, kioo cha mbele ya jicho, kila akipepesa.

Mgeni_Zamu: Lililopasuka tulifunge kwa gozi?

Mboni: Hapana, gozi linabonyeza. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, kifunike jicho bila kuligusa, ukingo ukae kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu, bandika plasta. Kilichochoma kiache hapo hapo. Marhamu usiweke, wala matone. Asile wala asinywe, anakwenda kupewa nusukaputi. Mpe sindano ya kuzuia kutapika, maana akijikamua kutapika vya ndani vinasukumwa nje. Chanjo ya pepopunda pia. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinaongeza kutoka damu. Kwenye rufaa andika saa ya ajali na alichoweza kuona: vidole, mkono ukipungwa, au mwanga tu. Ashonwe ndani ya saa 24.

NesiMacho: Naongezea wale mnaowarudisha nyumbani kwa sababu "anaona". Ukiona damu imetuama mbele ya mboni, kama masimbi chini ya kikombe, huyo aonwe na daktari wa macho siku hiyo hiyo. Njiani akae, na akilala kichwa kiinuliwe nyuzi 30. Damu hii hupenda kutoka tena kati ya siku ya 2 na ya 5, safari hiyo ikiwa nyingi zaidi, na presha ya jicho hupanda. Hata akipona apimwe presha ya jicho kila mwaka, kwani pigo huumiza njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho na madhara yanaweza kuchelewa miaka. Maziwa ya mama na matone ya duka la dawa jirani, hapana.

TabibuZahanati: Na mtoto anayekataa kutazamwa?

Mboni: Usipambane naye. Akilia huku ameshikwa kwa nguvu, presha ndani ya jicho inapanda. Kikombe, plasta, gari.