Je, kosa liko katika kuchagua mbegu au katika kile tunachokichagua?

Swali

Ndugu wadau, ninafuga kuku wa nyama wa kisasa na kuna jambo linanisumbua. Wakifika wiki ya tano, baadhi yao hupiga hatua tatu tu kuelekea kwenye chombo cha maji, kisha hulala kifua juu ya maranda, na nikiwainua naona ngozi ya kiungo cha mguu imeungua na kuwa nyeusi. Hata hivyo, nikipiga hesabu ya chakula, sijaona kuku mwingine anayekigeuza kuwa nyama vizuri kama huyu. Wapo wanaoniambia kwamba ufugaji wa kiwandani umemharibu mnyama, na wapo wanaosema kwamba bila mbegu hizi watu wengi wasingeonja nyama. Naomba kuelimishwa: je, kuchagua mbegu ndiko kunakoleta madhara haya, na je, kilimo endelevu kinaweza kuziacha mbegu hizi?

Jibu la kwanza

Ndugu mleta mada, ngozi hiyo huunguzwa na unyevu na amonia ya kinyesi pale kuku anapolala muda mrefu mahali pamoja, na analala kwa sababu mwili umeitangulia miguu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya kulea pamoja, kwa chakula kilekile, kuku wa mbegu ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005. Katika umri wa siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Kwa kuwa chakula kilikuwa kimoja, tofauti hiyo imetokana na mbegu.

Binafsi kinachoniumiza zaidi ni hali ya kuku wazazi, ambao mfugaji wa kawaida hawaoni. Wamebeba hamu ileile ya kula, lakini wakiachwa wale watakavyo hunenepa kiasi cha kushindwa kutaga vizuri, kwa hiyo hupimiwa chakula na kuishi na njaa. Ni haki kuongeza kwamba baadaye uimara wa miguu uliingizwa miongoni mwa vigezo vya wazalishaji wa mbegu, na hilo lenyewe linaonyesha kwamba mguu nao unaweza kuchaguliwa kama kifua kilivyochaguliwa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu maumivu ya mnyama, lakini naomba hesabu ya ardhi isisahaulike. Kuku anayekua polepole hula siku nyingi zaidi kabla ya kufikia uzito uleule, na chakula hicho ni mahindi na soya vilivyolimwa mahali fulani, pengine palipokuwa msitu. Katika mazao pia, tafiti zilizolinganisha kilimo hai (kisichotumia mbolea na dawa za viwandani) na cha kawaida zimeonyesha mavuno ya kilimo hai kuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 19 hadi 25, ingawa pengo hubadilika kulingana na zao na utunzaji wa udongo. Ngano fupi ya Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, iliongeza mavuno kwa sababu bua lake halianguki hata likiwekewa mbolea nyingi. Lakini bila mbolea na maji ya kutosha, sehemu kubwa ya faida hiyo haionekani. Mbegu huzaliwa pamoja na mazingira yake, na anayeinunua hununua pia mahitaji yake.

Jibu la tatu

Kuna hatari nyingine, nayo ni kufanana. Nchini Marekani, mahindi mengi chotara yalikuwa yamepewa sifa moja ya kuzaa mbelewele (ua dume la mhindi) isiyo na chavua hai, ili kampuni za mbegu zisigharimie vibarua wa kuing'oa kwa mkono kuzuia mmea usijichavushe. Sifa hiyo ilikuja pamoja na udhaifu dhidi ya kuvu mmoja wa majani, na mwaka 1970 takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi ikapotea. Hakuna aliyeuchagua udhaifu huo. Ulikuja umejificha ndani ya kilichochaguliwa.

Mfano wa kunitia moyo ni ng'ombe wekundu wa Norwei, ambao tangu miaka ya 1970 madume yao huchaguliwa kwa kuangalia pia afya na uzazi wa mabinti zao, si maziwa pekee. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu matibabu ya kila ng'ombe yaliandikwa.

Kwako, ndugu mfugaji, kuku chotara hutaweza kumwendeleza mwenyewe, kwa maana watoto wake hawatafanana. Unachoweza ni kuagiza vifaranga wa aina inayokua polepole kidogo, kupunguza msongamano, kubadilisha maranda yakilowa, na kuwapa saa za giza usiku ili wapumzike na miguu iimarike.

Mleta mada

Nashukuru sana. Nimetambua kwamba daftari langu lina safu ya chakula, ya uzito na ya vifo, lakini halina safu ya waliolemaa, ambao nimekuwa nikiwatoa bandani mapema bila kuwahesabu. Kundi lijalo nitagawa banda nusu kwa nusu kwa aina mbili za vifaranga, na kila Jumatatu nitawahesabu wasioweza kufika kwenye maji.