Mjadala: Maabara tumejenga, majaribio yako wapi?

Mtoa mada: Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nafundisha baiolojia sekondari ya kata. Kuna wanaosema watoto wetu hawataelewa sayansi mpaka tumalize kujenga vyumba vya maabara kila shule. Napinga. Hela inayofuata iende kwenye majaribio yenyewe, tena kuanzia Kidato cha Kwanza.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi tulichangishwa, na sijutii mchango wangu. Lakini nimeshaona shule ambayo meza za zege zipo, masinki yapo, na bomba ukilifungua linatoa hewa tu. Chumba kimoja kimekuwa stoo ya viti vibovu. Kingine kinafunguliwa Kidato cha Nne mtihani wa Taifa unapokaribia. Hapo ndipo mtoto anashika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza, mkono unamtetemeka, na anachokazania ni kukariri rangi ya kuandika kwenye karatasi.

Muhula uliopita niliingia Kidato cha Pili na ayodini ya vidonda kutoka duka la dawa, kipande cha muhogo, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva sana. Watoto 70, wengine wamesimama juu ya madawati ili waone. Tone likadondoka kwenye muhogo, ukageuka buluu hadi ukawa kama mweusi, dalili kwamba kuna wanga. Ndizi mbichi hivyo hivyo. Ile mbivu ikabaki na rangi ya ayodini, madoa machache tu. Binti mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake akauliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, sasa wanga umeenda wapi?" Kipindi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini sikumkatiza. Nikamwambia aonje kipande cha ile mbivu kisichotiwa ayodini. Akaonja, akanyamaza kidogo, akasema, "Umekuwa sukari." Hilo sikumfundisha mimi.

Mchangiaji: Mwalimu, heshima yako, ila hapa umeteleza. Ndizi na muhogo havitamfundisha mtoto taitresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi. Wa shule binafsi anashika bureti na pipeti mwaka mzima, halafu wote wanakutana kwenye mtihani mmoja. Ukianza kusema vya jikoni vinatosha, umewapa wakubwa sababu ya kutoleta kemikali. Mtoto wa maskini ndiye atakayebaki na muhogo wake.

Mtoa mada: Ndugu yangu, hofu yako ni ya kweli na ninayo pia. Sijasema vinatosha. Nasema tusimkalishe mtoto miaka mitatu akisubiri kemikali, na kemikali tuzidai kwa nguvu ile ile tuliyodaiwa nayo michango ya tofali.

Tazama hesabu. Ruzuku ya uendeshaji sekondari ilipangwa Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo humo kuna vitabu, chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Mkuu wa shule akibanwa, cha kwanza kukatwa ni kemikali, kwa sababu hakuna mzazi atakayekuja kuulizia ayodini iliyokwisha. Fungu la maabara litengwe peke yake, lisiguswe kwa kazi nyingine. Na awepo fundi sanifu wa maabara. Mimi nina vipindi vya kutosha. Nikiandaa majaribio ya mikondo minne na kuosha vyombo mwenyewe, kesho yake sirudii.

La mwisho halihitaji bajeti kubwa. Kila mwanafunzi awe na daftari la majaribio tangu Kidato cha Kwanza: tulifanya nini, niliona nini, nadhani ni kwa nini. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akifika shuleni asiishie kuhesabu vyumba, aombe madaftari kumi na kuyasoma. Yakiwa yote yameandikwa maneno yale yale, atajua watoto walinakili ubaoni.

Wakuu wa shule na wathibiti ubora, hilo linazuiwa na nini?