Tupeane uzoefu: haki na uwazi katika mashindano ya modeli yanayoamuliwa kwa picha

Ndugu zangu waundaji wa modeli, yaani mifano midogo ya ndege, meli na magari, naomba tuelezane yaliyotupata wenyewe katika mashindano ya mtandaoni, bila kumtaja mtu wala kundi. Nianze na langu. Niliingiza modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, ambayo mabawa yake, yenye urefu wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha kwa ndege halisi, hubaki sentimita 15.6 hivi, yaani hayafiki shibiri moja. Nilisugua maungio kwa msasa miezi mitatu. Matokeo yakatoka: majina ya washindi watatu, bila alama wala neno la mwamuzi. Nilipouliza nilipungukiwa wapi, nilijibiwa kwamba uamuzi haujadiliwi. Sikudai tuzo, nilitaka kulijua kosa langu ili nisilirudie. Baadaye nilifahamu kuwa mwamuzi mmoja na mshindi ni wa chama kimoja. Huenda aliamua kwa haki kabisa, lakini kwa kuwa uhusiano huo haukutangazwa mapema, hata mshindi mwenyewe alinyimwa heshima aliyostahili.

Mchangiaji wa Mombasa:
Shukrani kwa kulianzisha. Mimi niliunda mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba. Nilitoboa kila ubao na kuushona kwa uzi. Kazi hiyo ilipangwa kundi moja na meli za plastiki zinazonunuliwa zikiwa vipande tayari, kisha nikakatwa alama kwa sababu mishono “inaonekana”. Mishono ndiyo mtepe wenyewe! Kanuni hazikuruhusu kuambatanisha picha za chombo halisi wala maelezo, hivyo mwamuzi alihukumu kitu asichokijua, nami sikuwa na njia ya kumweleza.

Mchangiaji wa Dodoma:
Nina la kukiri. Niliwahi kushinda kwa kura za watazamaji, na nyingi zilitoka kwa ndugu na wafanyakazi wenzangu niliowatumia kiungo. Kanuni hazikukataza. Hata hivyo, kifaru cha kivita cha 1/35 kilichoshika nafasi ya pili kilikuwa bora kuliko changu, na mwenye nacho nilimwandikia kumwambia hivyo.

Mchangiaji aliyewahi kuwa mwamuzi:
Nawaelewa. Tulipobadili utaratibu tulifuata njia ya AMPS, chama cha Marekani cha waundaji wa magari ya kivita, ambako kila kazi hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, si kwa kulinganishwa na ya jirani, hivyo dhahabu inaweza kwenda kwa watu kadhaa. Tulidai picha sita za pande zote katika mwanga wa kawaida, kwa kuwa mwanga hafifu huficha gundi iliyomwagika, pamoja na picha za hatua za ujenzi zenye karatasi ya jina la mwundaji, ili asije mtu na kazi ya kununua. Malalamiko yalipungua sana. Lakini kijana mmoja simu yake iliharibika na picha zote za hatua zikapotea. Tulimwondoa, kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa na wengine wameifuata. Nilikuwa nimeiona kazi yake ikiendelea kwa wiki kadhaa, na najua ilikuwa yake. Wenzangu, ninyi mngeamuaje?